Kalemie: lawama zinapanda Kinshasa, zinarudi kwa wakimbizi

Kazi za mji zikisimama hapa Kalemie, maneno ndiyo yanaanza kutembea. Mfereji wa maji ya mvua unachimbwa mpaka nusu, mashini zinaondoka, shimo linabaki wazi mbele ya nyumba za watu. Wenyeji wakiuliza kwa mkubwa wa kartie, wanatumwa komini. Komini inawatuma kwa meya. Kwa meya wanaambiwa kazi hiyo ni ya jimbo. Kwa gavana wanaambiwa feza haijafika kutoka Kinshasa. Na Kinshasa, kama kuna mtu wa kuwajibu, watasikia kwamba kampuni ndiyo iliyochelewa.

Ubaya ni kwamba karibu kila mmoja anasema kweli kidogo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nayo ikatwe palepale inapokusanywa. Haifanyiki hivyo. Feza inapanda Kinshasa kwanza, halafu inashuka kidogo kidogo, kwa kuchelewa, na ndiyo wanaiita retrosesio. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaongeza kwamba katika fungu la jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komini, sekta na usultani. Kwa hiyo meya anangojea mtu ambaye naye anangojea. Juu ya hayo, barabara za ndani ya mji ziko na ofisi yake ya taifa, OVD. Maji ni ya Regideso, umeme ni wa SNEL. Zote hizo wakubwa wao wako Kinshasa.

Lakini sheria hiyohiyo ya 2008 inataka meya achaguliwe na baraza la mji. Kwa miaka mingi kura hiyo haikufanyika, na mameya wanawekwa kwa ordonansi ya Rais. Mtu aliyewekwa kutoka juu anaogopa juu, siyo avenyu yenye shimo. Gavana naye kiti chake hakina uhakika: Zoé Kabila aliangushwa na bunge la jimbo mwezi Mei 2021, baadaye akaja Julie Ngungwa, na mwaka 2024 Christian Kitungwa. Mahali popote katika nchi hii mkubwa akibadilishwa, wimbo ni uleule: aliyetoka aliacha kazi zikitembea, aliyeingia alikuta sanduku tupu. Jiwe la kwanza linawekwa kwa sherehe na ngoma. Siku kazi inaposimama, hakuna anayetoa tangazo.

Kuna jambo moja ambalo meya hana kosa. Ziwa Tanganyika linatokea kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, hapahapa kwetu. Mlango ukijaa mchanga na majani, na mvua ikizidi katika nchi zote za ziwa, maji yanapanda. Mzungu Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibika. Miaka michache baadaye maji yaliupasua na ziwa likashuka. Mwaka 2021 na mwaka 2024 maji yaliingia tena katika nyumba za kando ya ziwa. Kusafisha Lukuga ni kazi ya kuongea na Burundi, Tanzania na Zambia. Lakini kupima viwanja mahali ambapo wazee wote wanajua maji yanafika, na kupiga muhuri juu ya karatasi zake, hiyo haikufanywa Bujumbura.

Lawama ikishindwa kupanda, inashuka. Vita kati ya Waluba na Watwa ilipowaka, hasa mwaka 2016 na 2017, watu walijaa Katanika, Kalunga na sehemu zingine za pembeni ya mji. Mwaka 2025 boti zikaleta familia zilizokimbia vita ya Kivu ya Kusini. Basi sasa maneno ni hayo: maji hayatoshi kwa sababu ya wakimbizi, uchafu ni wao, kolera wameileta wao. Kolera! Ugonjwa huo ulikuwa kando ya ziwa hili kabla watoto wengi wa kambi hizo hawajazaliwa. Mama aliyelala chini ya turubai hakutia sahihi kwenye mkataba wowote wa barabara. Yeye ndiye wa kwanza kuchota maji machafu mfereji ukiachwa nusu, na wa mwisho kuulizwa.

Kuna feza ambayo haipiti Kinshasa hata siku moja: ni taksi ya soko. Inalipwa asubuhi na mwenye kuuza ndagala, na mwenye unga wa muhogo, na mkimbizi aliyepanga mafungu manne ya nyanya chini. Mji una budjeti yake ya kila mwaka, na taksi hiyo inapaswa kuonekana ndani yake. Wakubwa wa kartie wanaweza kuomba wasomewe kurasa hizo mbele ya watu, pamoja na jina la kampuni ya kila kazi iliyosimama, bei yake na siku iliyopaswa kuisha. Kwa hilo hakuna haja ya kungojea ndege ya Kinshasa. Na siku ya kusomwa, wanaokaa Katanika na Kalunga waitwe pia, kwa sababu tiketi za soko wanazo mfukoni kama wengine.