Gramu moja ya wolframu

Vijana wanaotoka machimboni wananiuliza mara nyingi: ati kuna kitu kipya kinaitwa grafini, je, kitaua bei ya koltani yetu? Mimi nafundisha hesabu na shimi hapa Kanyaruchinya, basi nijibu hapa wote wasikie.

Grafini imetoka kwenye kalamu ya risasi. (Risasi haimo, ni jina tu.) Ndani mna grafiti, kaboni iliyolala tabaka juu ya tabaka, unene wa milimeta moja una tabaka karibu milioni 3. Mwaka 2004, huko Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua tabaka moja peke yake kwa skochi, ule utepe wa gundi. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel. Tabaka hilo hupitisha umeme vizuri mno, na hapo ndipo taabu ilipo: halizimiki. Transista ya simu ni kama swichi ya taa, lazima iwake na izime. Swichi isiyozima ni ya nini?

Ndiyo sababu wataalamu wakatafuta karatasi nyingine. Mwaka 2011, huko Lausanne, Uswisi, transista ya tabaka moja la molibdeni na salfa iliwaka na ikazima. Tangu hapo wanapiga hesabu kwanza kwenye kompyuta, kisha ndipo wanawasha tanuru. Chuo kikuu cha ufundi cha Danimarki kimekusanya hesabu za karatasi maelfu.

Sasa vijana, sikieni. Katika hesabu hizo mna majina ya kwetu. Wolframu ikilala katikati ya salfa, juu na chini, inakuwa semikondakta, kitu cha kuwasha na kuzima. Bati la kasiteriti, kama ile ya Bisie, vilevile. Tantali na niobi, zile za koltani ya Rubaya, zikikaa na salfa hupitisha umeme kama chuma. Na salfa, nani hapa haijui? Nyiragongo ikitoa moshi, tunaivuta puani bila kulipa.

Kijana mmoja, ambaye jamaa yake ililala juu ya mawe ya lava katika kambi ya hapa toka 2022 hadi ilipofungwa Februari 2025, akafurahi: "Mwalimu, basi gunia litapanda bei!" Nikampa chaki apige hesabu. Gramu 1 ya wolframu, ikitandazwa tabaka moja, hufunika zaidi ya mita za mraba 250. Ni sakafu ya madarasa matano kama letu! Akanyamaza.

Koltani ingali inatakiwa, kwa vidude vinavyotunza umeme ndani ya simu, na karatasi hizi nyingi zingali maabarani. Haziui bei, lakini gunia halipandi kwa ajili yake. Pesa iko kwa yule anayejua atomu ipi ikae na ipi.

Kesho yake kijana alirudi, akataka nimfundishe kusoma jedwali la elementi. Tumefika safu ya sita, ile yenye molibdeni, na wolframu chini yake.