Mashine Haidanganyi, Ila Ina Mpangilio Wake

Leo tunaongelea ile mashine ndogo ya mkononi inayosoma bakodi. Baadhi yetu tunajitolea kwenye stoo ya dawa, na pale mpangilio ukikosewa mtu anaumia.

Wengi wanadhani skana ina akili. Hapana! Kwa kompyuta, skana ni kama kibodi tu: ikishasoma, inachapa. Boksi la dawa lenye bakodi mpya linatoa mlolongo mmoja mrefu: 01 na tarakimu 14 za bidhaa, 17 na tarakimu 6 za tarehe ya kuisha muda, halafu 10 na namba ya bechi. Vyote vinarundikana kwenye kisanduku kimoja.

Shida kubwa ni tarehe, maana inaanza na mwaka. 250826 ni 26 Agosti 2025. Lakini sisi tumezoea kuanza na siku, basi macho yanasoma 25 Agosti 2026. Yaani dawa iliyoisha muda inakaa rafuni mwaka mzima, na mama wa watu anapewa ampelekee mtoto.

Kwa hiyo tuliketi na kitabu cha skana. Hapo huandiki programu yoyote. Unaskani bakodi za amri zilizochapwa kitabuni, moja baada ya nyingine. Tulipanga hivi: anza kanuni mpya, itumike tu kama nafasi ya 17 ina 17, ruka herufi 18, tuma 6, Tab, ruka 2, tuma zilizobaki, Tab, rudi mwanzo, ruka 2, tuma 14, Enter, hifadhi. Sasa tarehe inatangulia kwenye safu yake, na juu yake tumeandika MWAKA-MWEZI-SIKU. Inayoisha mapema inatoka kwanza.

Viwanda vingine vinaweka bechi kabla ya tarehe. Hizo kanuni yetu haizigusi, tunaziandika kwa mkono. Heri kuchelewa kuliko kupotosha.

Sisi wakimbizi tumeandikwa kwenye orodha nyingi: jina la baba mbele, la mtu nyuma, mwezi mahali pa siku. Tunajua mpangilio ukigeuka, mtu anapotea kwenye karatasi huku amesimama palepale. Ndiyo maana kazi hii hatuioni ndogo. Vijana wenzetu, mkikuta mashine ina kitabu chake, kifungueni.