Tusipande ndege kwa kilio tu



Mwezi wa tano 2025 nilivuka Lualaba na mama yangu, toka Alunguli kuja ng'ambo ya mjini. Alikuwa amevaa kikwembe kipya na viatu vilivyombana. Katika mtumbwi mama mmoja akaangalia begi letu, akauliza kwa sauti ya chini: "Pole, mama. Nani amekufa?" Mama akajibu: "Hakuna aliyekufa. Naenda Kinshasa kutembea." Mtumbwi mzima ukacheka, hata mwenye kupiga kasia.

Sikuwalaumu. Kwetu Kindu ndege ni ya wakubwa wa serikali, ya watu wa mashirika, ya mgonjwa na ya msiba. Mtu akifa, jamaa yote inachanga na tiketi inapatikana kwa siku mbili. Lakini kwa mtu mzima, mwenye afya, anayetaka tu kumwona ndugu yake? Hapo kila mmoja anasema pesa hakuna. Mama yangu na yaya wake wa Kinshasa walikuwa hawajaonana kwa miaka 19. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye kilio cha baba yao.

Njia nyingine ni ngumu kwa mama wa umri wake. Gari la moshi linaelekea Kongolo, Kabalo na Lubumbashi, si Kinshasa. Ukifuata mto, boti inakufikisha Ubundu. Kutoka hapo maporomoko yanazuia, unashuka na kutafuta njia ya nchi kavu mpaka Kisangani, kisha unapanda boti nyingine na kukaa majini siku nyingi sana. Wengine walizoea kupitia Goma, lakini uwanja wa ndege wa huko ulifungwa mwezi wa kwanza 2025 kwa sababu ya vita. Na mahali ambapo ndege ni chache na barabara haipo, mwenye ndege ndiye anayepanga bei.

Mara ya kwanza nilijaribu mwishoni mwa 2023. Nilikuwa nimepokea zamu yangu ya likelemba, nikataka tusafiri wawili kwa Noeli. Komisioneri mmoja wa mtaani aliniambia ana bei nzuri. Nikamtumia pesa kwa simu. Juma lililofuata akasema bei imepanda, niongeze. Nikaongeza. Siku ya safari jina langu halikuwa kwenye orodha, wala la mama. Nusu ya pesa ilirudi kidogo kidogo, nusu haikurudi mpaka leo. Mimi mwenye diploma ya ISP, ninayefundisha watoto hesabu, sikuwa na karatasi hata moja mkononi.

Mama hakunigombeza. Alisema tu: "Acha, mwanangu. Mungu akipenda tutaonana kwenye kilio chake, ao kwenye changu." Neno hilo lilinikosesha usingizi kuliko pesa zilizopotea.

Basi nilianza upya, kama mtu anavyoandaa somo. Nilinunua daftari. Kila mwezi nikienda mjini kuchukua mshahara, nilipita kwenye ajansi, nikauliza bei ya Kinshasa, nikaandika tarehe na bei. Baada ya mwaka mmoja daftari lilinionyesha mambo ambayo mdomo wa komisioneri haukuniambia.

La kwanza, bei inapanda pamoja na watoto. Shule zikifungwa mwezi wa saba inapanda, wanafunzi wakirudi karibu na mwezi wa tisa inapanda, na kabla ya Noeli ndiyo mbaya kabisa. Inashuka katikati ya masomo: mwezi wa pili, wa tano, wa kumi. Na anayenunua siku mbili kabla ya safari analipa kuliko aliyenunua mapema.

La pili, bei ya ubaoni si bei yote. Kuna Go-Pass kwa kila kuondoka ndani ya nchi, kwa hiyo kwenda na kurudi unailipa mara mbili. Kuna kilo za mizigo. Kuna malipo ya kubadilisha tarehe. Ajansi moja ilikuwa na bei ya chini, lakini nilipojumlisha vyote ikawa ya juu kuliko jirani yake. Uliza: "Mpaka nifike na nirudi, nitatoa ngapi?" Uliza pia bei ya kwenda na kurudi kwa tiketi moja. Mara nyingi niliikuta chini kuliko kununua mbili.

La tatu, lipa dirishani, chukua risiti, soma jina herufi kwa herufi. Kwenye kadi ya uchaguzi ya mama jina lake limeandikwa tofauti na tunavyoliandika nyumbani. Kama nisingesoma, angerudishwa uwanjani.

Lakini daftari lilinionyesha pia jambo lililoniuma. Bei ya chini inakuja wakati mimi niko mbele ya ubao. Mwezi wa tano ninaandaa watoto wa mwaka wa sita kwa mtihani wa taifa, siwezi kuwaacha. Nikingoja vakansi kubwa, pesa niliyokuwa nayo ilitosha mtu mmoja kwa shida. Kwa mwezi wa tano ilitosha mtu mmoja vizuri, na kidogo kubaki. Wawili, hapana.

Mume wangu akasema: "Mpeleke mama." Mama akakataa: "Nitaenda na nani? Mimi sijui kusoma." Tulimpata mwenzetu mmoja wa hapa kwenye chama aliyekuwa anasafiri siku ileile. Yeye ndiye aliyemshika mkono mpaka mlangoni kwa dada yake. Namshukuru tena hapa.

Usiku wa mwisho tulipigana na mizigo. Mama alitaka kumbebea yaya mchele, mawese, samaki wa kukausha, hata sombe. Tulipima kwa mizani ya jirani muuza mchele, tukaacha nusu. Alinuna, lakini kilo za ziada zingekula pesa ya sabuni ya mwezi mzima. Na ile kidogo iliyobaki ilifanya kazi yake: wakati wa kurudi ndege iliahirishwa siku mbili, ikabidi kulipa teksi ya uwanjani tena na tena. Msiweke pesa yote kwenye tiketi.

Alikaa Kinshasa majuma matatu. Nilimwuliza aliona nini. Akasema hawakuenda mbali. Walikaa, walipika, walibishana ni nani aliyevunja chungu cha bibi. Siku moja wajukuu wakawapeleka kando ya mto. Akaambiwa haya ni maji yaleyale ya Lualaba. Akasema: "Kumbe yametutangulia, na hayakulipa Go-Pass."

Sasa anaongea na yaya wake kwenye simu kila siku ya posho, na hawazungumzi tena juu ya nani atamzika mwenzake.

Mimi bado sijapanda ndege. Tumeanza kisanduku cha safari, wamama sita, tofauti na likelemba ya kawaida: pesa yake haiguswi kwa ugonjwa wala kwa kilio, ni ya kutembea tu. Wengine wanasema ni ulevi wa wenye pesa. Sisi sita hatuna pesa. Ndiyo maana tunaanza mapema.

Anayetaka kuona daftari la bei anikute kwenye mkutano wetu. Aje na kalamu, daftari lenyewe siazimi.