Barua kutoka Tortuguero: Mjomba, usiuze njia ya majini

Tortuguero, Costa Rica

Mjomba wangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Yule dalali wa Tanga amerudi tena na anataka shamba la minazi, lile linaloteremka mpaka ufukoni karibu na diko. Unasema tangu ujenzi wa barabara ya Tanga kwenda Pangani na Bagamoyo uanze, magari ya wageni wa kupiga picha hayaishi. Umeniomba ushauri kwa kuwa nami naishi kwenye kijiji cha maji ambacho watalii wanakigombania. Ushauri ninao, ila kwanza nikueleze huku mambo yalivyo.

Kijiji hiki hakina barabara. Ukitoka mji mkuu, San José, unapanda basi hadi Cariari katikati ya mashamba ya migomba, mikungu imevishwa mifuko ya plastiki ya buluu. Pale unapanda basi jingine hadi La Pavona, na barabara inaishia mtoni. Kuanzia hapo ni boti, kama saa moja hivi kwenye mto La Suerte. Abiria wanakaa pamoja na mitungi ya gesi, trei za mayai, magodoro na saruji. Maji yakipungua, nahodha anainua injini na kuwaomba watu wasogee mbele ili tezi liwe jepesi. Mto huo ndio unaonilisha. Propela zinagonga magogo, mchanga unaziba njia ya maji ya kupozea, injini inachemka, basi natafutwa mimi fundi.

Kijiji chenyewe kimekaa kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, bahari ya Karibi upande mmoja, mfereji upande wa pili. Kwingine unatoka majini hadi majini kwa dakika chache tu za kutembea. Gari hakuna, ni vichochoro vya miguu. Mvua nayo hainyeshi kwa msimu kama yetu, inazidi milimita 5,000 kwa mwaka, na nguo zinaweza kukaa kambani siku tatu bila kukauka.

Watu wengi hapa ni weusi kama sisi, wazee wao walitoka Jamaika, pwani ya Nikaragua na visiwa vya jirani. Wanapika wali na maharage kwa tui la nazi, na samaki wa nazi wenye mihogo na ndizi ndani ya sufuria moja. Hata shelisheli wanalo, wanalikaanga. Mama mmoja jirani yangu aliponiona nakuna nazi bila kuuliza, alinikabidhi na nyingine mbili.

Sasa nikueleze kinachokilisha kijiji. Kuanzia Julai hadi Oktoba kasa hupanda ufukoni kutaga. Usiku ukiingia, mgeni haruhusiwi kukanyaga pale bila kiongozi mwenye kibali. Wageni wanavaa nguo nyeusi, kamera na simu marufuku, na taa ni ile nyekundu ya kiongozi peke yake. Nilimwona kasa mmoja kwa karibu. Mapezi ya nyuma yanachimba kwa zamu: moja linachota mchanga kama kiganja na kuutoa polepole, lingine linaurusha kando, halafu yanabadilishana. Shimo lilipotosha, mayai yakaanza kudondoka mawili mawili, matatu matatu, yameloa ute. Kwa mtago mmoja yanaweza kupita mia. Akimaliza anafukia, anashindilia, kisha anatimua mchanga huku na huku ili adui asijue shimo liko wapi.

Zamani kasa hao walipinduliwa chali pale pale ufukoni wasubiri boti za kuwapeleka sokoni. Mtafiti wa Kimarekani, Archie Carr, alianza kazi yake hapa miaka ya 1950, shirika la kuwahifadhi kasa likaundwa mwaka 1959, na mwaka 1975 hifadhi ya taifa ikawekwa kisheria. Siku hizi anayetoka katika ukoo wa wavuvi wa kasa anaweza kuwa ndiye anayewaongoza watalii usiku. Kasa aliye hai anamlipa mwaka baada ya mwaka. Nakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia kisiwa cha Maziwe kilipokuwa na miti na kasa wakitaga kwa wingi. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama, na mayai yanayotagwa pale inabidi yahamishiwe Ushongo yasisombwe.

Kazi hii ya kuongoza watalii huku inawezekana kwa sababu ufuko hauna mwenyewe. Sheria ya pwani ya Costa Rica ya mwaka 1977 imetenga mita 200 kutoka pale maji yanapofika yakijaa. Mita 50 za kwanza ni za umma, hajengi mtu. Mita 150 zinazofuata hutolewa na halmashauri kwa kibali cha miaka 5 hadi 20, na mgeni hapewi mpaka awe ameishi nchini miaka 5. Wapo wanaokwepa kwa kutumia jina la mwenyeji. Mwenyeji anasaini, mgeni anakaa, na siku wakigombana mwenye jina ndiye anayeitwa mahakamani.

Nisikudanganye kuwa huku ni peponi. Sheria hiyo hiyo inawabana wenyeji. Kwenye pwani hizi wapo waliozaliwa juu ya mchanga huo na hawana hati kamili, benki haiwakopeshi, na ilibidi mwaka 2012 Bunge lipitishe sheria ya kusimamisha kwa muda kuwaondoa na kuwabomolea. Kukosa barabara nako kuna bei yake: bidhaa ni ghali, na mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa kwa boti kwanza, gari baadaye. Kwa hiyo barabara yenu ipokeeni kwa mikono miwili.

Ila shamba, mjomba, usiuze. Kwetu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Dalali analijua hilo. Anachokinunua ni njia ya kufika majini. Ukuta ukishasimama pale, wavuvi watazunguka mbali kufika dikoni na kina mama wa dagaa watafukuzwa na mlinzi ambaye huenda ni mtoto wa jirani yako. Na akikwambia shamba libaki kwa jina lako huku mgeni akitoa pesa, mfungulie mlango atoke.

Fanya hivi. Nenda ofisi ya kijiji uulize kama mpango wa matumizi ya ardhi umeshapitishwa, na ufuko na diko vimeandikwa kuwa vya umma. Kama havijaandikwa, lizungumzeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla barabara haijakamilika. Omba hati ya hakimiliki ya kimila, majina yawe mawili, lako na la mkazamjomba. Vijana wakitaka kipato, sehemu ya juu ya shamba ikodishwe kwa miaka inayohesabika, kwa mkataba wa maandishi unaopitia serikali ya kijiji, na njia ya kwenda majini ibaki wazi.

Gharama ya kupima shamba nitaituma mwisho wa mwezi. Dalali akirudi, mwambie shamba lina watoto wengi na mmoja yuko mbali, hajasaini.

Nisalimie wote, na watu wa dikoni.

Mpwa wako.