Gari Linamisi

Nilipoingia gereji huko Keko mwaka 1991 kama spana boi, kipimo chetu cha injini inayomisi kilikuwa kiganja cha mzee wetu wa gereji. Corolla ikiletwa, nyingi zikiwa na injini ya 4K, hakuanza na boneti. Alikwenda nyuma, akachuchumaa, akakinga kiganja kwenye bomba la ekzosi na kufumba macho. Injini nzima hupuliza mkono kwa mfululizo, pu-pu-pu-pu. Pengo likijirudia palepale, kuna silinda imelala. Likija ovyoovyo, alikwenda moja kwa moja kwenye pointi na kabureta.

"Kijana, chomoa mojamoja." Nikachomoa waya za plagi kwa kitambaa kikavu, injini ikiunguruma. (Siku niliyosahau kitambaa, bega liliniuma hadi jioni.) Ukichomoa, injini ikazidi kutetemeka, silinda hiyo inafanya kazi. Ukichomoa isishtuke, umempata mgonjwa. Plagi ikitoka na masizi makavu kama ya sufuria, petroli imezidi. Ikitoka imelowa oili, mzee aliguna tu: mwenye gari aandaliwe kusikia habari za ringi.

Kisha zikaja Vitz na IST. Kila plagi na koili yake juu ya kichwa, waya wa kuchomoa hakuna, pointi hakuna. Nikanunua mashine ya kupimia. Ikaandika P0303: silinda ya tatu inamisi. Niliona kama uchawi, mpaka nilipoelewa kwamba kuna sensa inayofuatilia mwendo wa krenki. Silinda isipochoma, krenki inazubaa kidogo sana, na kompyuta ya gari inahesabu. Nilipomweleza mzee, alicheka. "Kumbe nayo inachuchumaa."

Ila namba haisemi kilichoilaza hiyo silinda, na hapo ndipo hela za watu zinapotea. Majuzi kijana wangu alisoma P0303 na papo hapo akashika simu kuagiza koili. Nikamwambia aiweke simu chini, ahamishie koili ya tatu kwenye silinda ya kwanza, na ya kwanza ije ya tatu. Akafuta namba, akawasha, tukasubiri. Ikarudi P0303 ileile, kwa hiyo koili haikuwa na kosa. Tukaichomoa plagi, nikaipeleka juani: kwenye kaure yake nyeupe palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.