Niliogopa Kupimwa

Nilikosea. Maumivu ya mgongo na ubavu wa kulia niliyaita ya msuli kabla sijayachunguza, kwa kuwa nilikuwa nimebeba mifuko ya saruji. Hospitali walipima mkojo na kunipiga ultrasaundi ya figo, wasione kitu. Nikarudi na diklofenaki, na kila usiku mke wangu akanichua.

Msuli ulioteguka huuma zaidi ukiinama au ukijigeuza. Maumivu yangu hayakujali nimekaa vipi. Yaliunguza kama pilipili, na hata shati likinigusa nilishtuka. Kisha yakatoka malengelenge, yakajipanga kutoka uti wa mgongo hadi karibu na chembe ya moyo. Nikasema ni dawa ya kuchua imeniunguza.

Sikuamini maneno yangu. Mkanda wa jeshi nilishawahi kuuona kwa wengine. Lakini mtaani kwetu ukitajwa huo, watu huwaza UKIMWI, nami niliogopa kupimwa. Nikafunika na shati, nikanyamaza.

Maumivu yaliponizidi nikaenda kwa daktari mwingine. Aliuliza jambo moja: "Mzee, haya yametoka lini?" Nikamjibu. Akaacha kuandika, akanitazama, nami nikajua nimechelewa.

Alinieleza kwamba ni mkanda wa jeshi, na kwamba virusi vya tetekuwanga ya utotoni havitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na kinga ikipungua, kwa uzee, kwa VVU au kwa maradhi mengine, huamka na kufuata mshipa wa upande mmoja. Ndiyo maana maumivu yanaweza kutangulia vipele kwa siku kadhaa, vipimo vya figo visionyeshe lolote. Dawa yake, asikloviri, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Saa hizo nilizimaliza nikijificha.

Nilipima VVU. Sina. Ningekuwa navyo, ningehitaji kujua mapema zaidi.

Ngozi imepona, mshipa bado unauma. Ubavu wa kulia siulalii, na saruji sibebi tena. Mjukuu niliyekuwa nikimpakata aliambukizwa virusi hivyo na malengelenge yangu, akaugua tetekuwanga; amepona.

Ukiumwa upande mmoja na vipimo visione kitu, tazama ngozi yako kila siku. Vipele vikitoka, nenda siku hiyo hiyo, na ugonjwa unaouogopa uwe wa kwanza kumtajia daktari.