Nusu kwa Nusu, Utange

Shamba lenyewe lilikuwa Utange, Kisauni, Mombasa, upande wa juu wa barabara ya Malindi: karibu ekari nne za ukoka, minazi iliyokwisha kuzeeka, miembe mitatu na kisima kimoja. Mwenye shamba alikuwa akiishi Maskati na hatukuwahi kumtia machoni. Kodi ilichukuliwa na msimamizi, mzee aliyekuja kwa baiskeli kila mwisho wa mwezi, kitabu chake cha risiti kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Watu wa Kisauni wanaujua mpango huo vizuri. Ardhi ni ya mtu aliye mbali, anayeikalia ni mwingine, na katikati yuko msimamizi. Mimi na mwenzangu tulilikodi mwaka 1994 ili tupate pa kuweka farasi.

Riziki yetu ilikuwa ufuoni. Miaka ile, kutoka Nyali hadi Shanzu, hoteli zilikuwa zimejaa Wajerumani, Waingereza na Waitaliano, na nafasi yetu ya kazi ilikuwa ile pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, ambayo kila mtu anaiita Pirates. Tuliwapandisha watalii, na Jumapili na sikukuu tukawapandisha watoto wa mjini. Kazi ilifuata maji. Yakijaa, hapana mchanga wa kupita. Yakipwa, mchanga unashikana na kwato hazizami. Siku za bamvua maji yalikwenda mbali hadi tukawa na uwanja mpana, na hizo ndizo siku tulizolipia madeni.

Mwenzangu alikuwa mtu wa bara, kwao Nakuru. Alikuwa saisi kwa miaka mingi katika uwanja wa mbio wa Nairobi, ule wa barabara ya Ngong, na alijua farasi kuanzia kwato hadi meno. Mimi nilikuwa nimetoka katika kazi ya hoteli na akiba kidogo. Yeye ndiye aliyenitafutia majike wawili waliokuwa wamestaafu mbio, warefu, wembamba wa miguu, mmoja mwekundu na mmoja wa rangi ya kahawa. Yeye mwenyewe alikuwa na farasi wawili wafupi, wagumu, wenye damu ya Kisomali. Kodi ilikuwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Tukakubaliana nusu kwa nusu, tukapeana mikono chini ya mwembe. Risiti iliandikwa jina langu, kwa kuwa msimamizi alinijua mimi, alimjua na marehemu baba yangu. Siku ile hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.

Miaka miwili tulikaa vizuri. Alfajiri yeye alipiga brashi, mimi nilizoa kinyesi kwa toroli. Kazi ya kuzoa si usafi tu. Farasi hachungi kama ng'ombe. Ng'ombe huzungusha ulimi akayang'oa majani; farasi ana meno ya mbele juu na chini, hukata mpaka karibu na mzizi. Tena ana adabu zake: huchagua pa kula na pa kunyea, na palipo na kinyesi hali. Usipozoa, kila mwezi shamba linazidi kuwa dogo wakati mipaka yake haijasogea, na minyoo inazidi. Haya yote alinifundisha yeye.

Mwaka 1996 alimnunua ngamia kwa mfanyabiashara aliyemleta kutoka upande wa Tana River. Biashara ya ngamia ufuoni ilikuwa imeshika. Mtalii alipenda kupigwa picha juu yake. Majike wangu walipomwona mara ya kwanza walipandisha mikia, wakakimbia mpaka pembe ya mbali ya shamba wakipuliza pua. Baada ya wiki kadhaa wakazoea. Mimi nilichouliza ni kodi.

"Sasa mko watatu kwa wawili," nilimwambia. "Nusu haiwi nusu tena."

"Ngamia hali nyasi, ndugu," akajibu. "Yeye ni wa miti. Wako wawili wanakula kama wangu watatu."

Alisema kweli, na mimi pia nilisema kweli. Ngamia hula zaidi majani ya miti na vichaka, na farasi mkubwa wa kilo 500 anahitaji kama kilo 10 za majani makavu kwa siku, wakati yule mdogo hutosheka na thuluthi mbili ya hapo. Lakini ngamia alikuwa anakula ua. Ua letu lilikuwa la mchongoma na miti ya kupanda, na kila alipotoboa ilibidi nizibe mimi, maana mwenzangu alikuwa ufuoni na huyo ngamia akitafuta pesa. Tuligawa kodi nusu kwa nusu. Hatukuwahi kusema majani tunagawaje, wala maji, wala ua, wala jasho.

Kisha mvua ikakosekana. Mwisho wa 1996 vuli ilipita bure sehemu nyingi za nchi, na mwanzoni mwa 1997 serikali ikatangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Marobota ya majani makavu yaliyokuwa yakishushwa kutoka bara yakapanda bei hadi tukawa tunanunua moja moja. Ukoka wa Utange ukaisha, likabaki vumbi jeupe na vishina.

Asubuhi moja aliniita kisimani. Alikuwa amekata shingo ya chupa ya plastiki, akatia viganja viwili vya kinyesi kibichi cha yule jike mwekundu, akajaza maji, akakoroga kwa kijiti, akaiweka juu ya ukingo. Tukachutama tukaitazama. Nyuzi za majani zilielea juu. Maji yakageuka kahawia. Polepole, chini ya chupa kukajitenga tabaka la kijivu, likaongezeka, likafika upana wa kidole changu cha gumba. Akamwaga maji, akanimiminia lililobaki kiganjani. Ulikuwa mchanga mtupu, safi, wa aina ile ile tunayoikanyaga ufuoni.

"Hawa wanakula shamba lenyewe," akasema. "Mchanga ukijaa tumboni ni msokoto, na msokoto ni kaburi. Hii shamba haiwezi farasi wanne."

"Basi nani atoke?"

"Hawa wako ndio wakubwa."

"Wewe ndiye uliyenichagulia!"

Hapo ndipo tulipoanza kusema kwa sauti ya juu. Nilimwambia amtoe ngamia. Akaniambia ngamia ndiye anayelipa nusu ya kodi, na kwamba mimi nina majike wa kutazamwa. Wiki ile ile alinunua waya na vigingi, akagawa shamba kutoka mwembe wa kati hadi ua wa nyuma. Kwa macho ilikuwa nusu kwa nusu. Ila kisima na banda vilibaki upande wangu, na kivuli chote cha miembe miwili kikabaki upande wake. Farasi hawakuupokea mpango huo. Ni wanyama wa kundi. Walitembea kando ya waya kutwa, wao huku na wenzao kule, hadi wakachimba njia mbili zisizoota kitu, na majani machache yaliyobaki tukayapoteza kwa kukanyagwa.

Tuliendelea kwenda Pirates kila mtu na wanyama wake. Salamu tulipeana, maana tulikuwa watu wazima. Mambo mengine tulipitisha kwa vijana waliokuwa wakitushikia kamba.

Tarehe 13 Agosti 1997, usiku, ikatokea Likoni. Kituo cha polisi kilivamiwa, silaha zikachukuliwa, nyumba na vibanda vikachomwa, watu wakauawa. Waliotafutwa walikuwa watu wa bara. Mauaji na uchomaji vikaendelea kwa wiki kadhaa, vikatoka kusini vikafika hadi upande wetu wa kaskazini, na maelfu ya familia zikafungasha. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba, na kila aliyekuwa na akili alizijumlisha hizo habari mbili mwenyewe. Katika wiki chache watalii wakaisha. Hoteli zikaanza kufunga mabawa mazima na kupunguza wafanyakazi. Pirates ilibaki na kunguru na sisi.

Mwenzangu alimpakia mkewe na watoto kwenye basi la usiku kwenda Nakuru. Yeye akabaki, kwa sababu farasi hawapandi basi. Alilala bandani, upande wangu wa waya, na mimi sikumuuliza.

Siku mojawapo msimamizi alikuja kabla ya mwisho wa mwezi. Alinivuta kando akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba shamba zima ni langu kama nalitaka, kwa kuwa kitabuni hakuna jina jingine. Nikamwambia kodi ya mwezi ule tumeshailipa sote wawili. Akasema, "Mimi najua risiti tu, mwanangu," akapanda baiskeli yake.

Vijana walisikia, na kijana akisikia jambo halilali. Jioni mwenzangu alinijia, amevaa koti ingawa kulikuwa na joto.

"Risiti iko kwa jina lako," akasema. "Wakija kuuliza mimi ni nani hapa, utasema nini?"

"Nitasema wewe ni mwenzangu."

"Andika. Jina langu pale chini, na sahihi ya mzee."

Nikamwambia hilo si tatizo, lakini tukishakaa na msimamizi tumalize pia habari ya majani: farasi wangapi, ngamia yuko wapi, ua anaziba nani. Nilitaka kila kitu kiandikwe siku moja. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mimi nakuambia nyumba inaungua, wewe unaniambia habari ya bustani." Nikamjibu kwamba bustani ndiyo iliyotuleta hapo. Akaondoka. Sahihi haikuwekwa, si ya jina lake wala ya majani.

Oktoba mvua zikaanza, zile za El Niño, na kila mtu wa Mombasa wa rika langu anazikumbuka. Zilinyesha mpaka mwaka mpya ukaingia. Barabara ya Nairobi ikakatika sehemu kadhaa, kipindupindu kikaingia mitaani, na kule Garissa homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Na Utange ukoka ukaota. Ulifika magotini, kisha mapajani, ukafunika zile njia mbili na chini ya waya. Majani tuliyokosana kwa ajili yake yalikuwa mengi kuliko matumbo yote tuliyokuwa nayo, na hakukuwa na mtalii hata mmoja wa kuyalipia.

Pamoja na majani wakaja usubi. Ndio wanaobeba ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule ambao punda na punda milia huubeba bila kuonekana wagonjwa, na farasi asiye na kinga mara nyingi haponi. Kinga yake ni chanjo kila mwaka, na kuwafungia bandani kabla magharibi haijaingia, maana usubi huuma zaidi kuanzia jua likichwea hadi alfajiri. Ratiba ya chanjo ilikuwa kichwani mwa mwenzangu. Lakini kabla Desemba haijaisha alikuwa ameshamuuza ngamia kwa bei ya nyama, akapata lori la mtu aliyekuwa akirudi mtupu, akapakia farasi wake wawili na kwenda kwao. Aliniachia waya na vigingi. Februari jike mwekundu alivimba juu ya macho, akaanza kupumua kwa shida, povu likamtoka puani, na kabla ya siku ya pili kuisha alikuwa chini. Yule wa kahawa nilimuuza. Kodi ya Machi sikuilipa.

Mtaani hadithi ilikuwa tayari imeshapangwa. Mpwani na mtu wa bara waliokuwa na shamba moja. Likatokea la Likoni. Mpwani akabaki na shamba. Waliokuwa upande wangu waliisema kwa kunipongeza, waliokuwa upande wake kwa kunilaani, na hadithi ilikuwa ile ile. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila nchini, iliposikiliza mashahidi wa Pwani mwaka 1998, jirani mmoja aliniuliza kama nitakwenda kueleza "ile yenu". Nilimwambia yetu ilianza na ngamia. Akacheka, akidhani namkwepa. Mwaka ule, watu wawili wa asili mbili hawakuruhusiwa kugombana kwa sababu ndogo.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye, Nakuru, nilipokwenda kwa harusi ya binamu yangu. Alikuwa na duka la vyakula vya mifugo, mvi zimemjaa, na sauti ile ile. Tulikunywa chai hadi watu wa harusi wakaanza kunipigia simu. Tulikumbushana bamvua, watalii walioanguka majini, ngamia aliyekula kofia ya mzungu. Nilimweleza ile hadithi ya mtaani, akasema na kwao Nakuru anaisikia, ila kule yeye ndiye aliyefukuzwa usiku kwa mapanga. Akatikisa kichwa. Kabila halikutugombanisha, akasema, na hilo atamwambia yeyote. Kilichotugombanisha ni jina moja ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja.

Nikamwambia hapana, bwana, ilikuwa majani. Tulikuwa tumeshavunjika tangu Februari 1997, waya ulikuwa umeshapigwa, na Agosti ilitukuta hivyo. Akasema waya ni kitu cha kung'oa kwa siku moja. Nikasema na risiti pia ingeandikwa kwa siku moja, kama angekubali tukae chini. Mkewe akatuwekea chai nyingine, akatuambia tupunguze sauti, wateja wako nje. Hatukupatana juu ya hilo, na kila tukipigiana simu sikukuu zikifika tunalianza tena pale tulipoliacha.